Miezi Tisa ya Kupumzishwa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, na kama kawaida hapakuwa na la kuamkia. Mwanangu Eliya ameenda ofisini, njiani amempitisha bintiye Neema shule. Mimi kwenye kochi. Mkwe wangu, Mama Neema, jikoni. Chupa ya chai mezani.

Kufika adhuhuri nilikuwa nimekunywa vikombe sita. Si kiu. Chupa ikiisha yeye anaijaza, na mimi nikiiona imejaa naona vibaya kuiacha ipoe. Kwetu mke wa mtoto hakai sebuleni na baba mkwe wake, hali naye, hamgusi. Kule kijijini Kibakwe mila hii haikumbana mtu, maana mji wetu ulikuwa na nyumba tatu na uwanja mpana. Hapa Dodoma tuna sebule moja. Heshima yake yote kwangu imebaki kwenye chupa.

Saa nne moyo ulianza tena. Mbio. Viganja vikalowa, shingo ikabana. Nilijua nakufa. Sikufa. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 6 Novemba

Jana Eliya alinikuta nimeng'ang'ania mlango wa bafu. Leo asubuhi hospitali. Wamenibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu. Moyo mzima, wakasema. Shinikizo la damu si baya kwa umri wangu.

Nimekasirika. Mtu akiumwa anataka ugonjwa wake uwe na jina. Miaka thelathini na minne nimechora moyo ubaoni: vyumba vinne, chaki nyekundu upande mmoja, ya bluu upande wa pili. Leo wangu mwenyewe siuamini.

Wametuelekeza kliniki ya afya ya akili, Ijumaa. Eliya akatazama pembeni. Na mimi nikatazama pembeni.

Ijumaa, 8 Novemba

Daktari ni binti mdogo kuliko mwanangu. Alinipa shikamoo, akamwomba Eliya asubiri nje. Nilitarajia vidonge na dakika tano. Nimekaa karibu saa nzima.

Maswali yake yalinishangaza. Nalala saa ngapi. Nakunywa nini. Nazungumza na nani mchana. Nasali na nani. Mikono yangu inafanya kazi gani. Nikamwambia mikono yangu imestaafu. Akaandika.

Akanieleza, na alieleza vizuri, ningempa alama nzuri. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Mtu akikutana na fisi, zinamwaga kemikali mwilini: moyo mbio, jasho, pumzi fupi, ili akimbie. Zangu zinamwaga bila fisi. Ugonjwa wa wasiwasi. Haya yote niliyafundisha kidato cha tatu. Sikujua yanaweza kunihusu.

Amenipa kidonge kimoja cha kila siku, akasema kitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba ni sehemu moja tu ya tiba. Sehemu nyingine ni usingizi, chai, kutembea, watu, sala, kazi. Anatibu mtu, hatibu moyo peke yake. Nilimuuliza kama hofu hii si upungufu wa imani, maana ndilo linalonitesa Jumapili. Akasema niendelee kusali, ila nisisali kwa siri kama mtu mwenye kosa.

Kazi ya nyumbani: niandike siku moja ya Kibakwe na siku moja ya hapa, saa kwa saa. Amenipa na karatasi ya kupumua: kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita. Nimeificha ndani ya Biblia.

Jumatatu, 11 Novemba

Kazi ya nyumbani.

Kibakwe, siku yoyote kabla ya Januari. Saa kumi na moja, ukungu bado umelala bondeni. Mke wangu Perisi ameshawasha moto, anakohoa, anaulaumu moshi. Uji wa ulezi. Natoa mbuzi. Njiani nasalimiwa na nusu ya kijiji, na nusu yao niliwafundisha. Wengine niliwachapa, wananikumbusha wakicheka. Shamba la maharage hadi jua likolee. Mdogo wangu Raheli anakuja kuazima kitu asichokihitaji. Mchana ugali na mlenda. Jioni nasoma barua za watu na kuwajibia za ofisini. Mazoezi ya kwaya Jumanne na Alhamisi. Perisi sauti ya pili, daima nusu hatua mbele ya wenzake. Alikuwa hana subira na wimbo.

Ukurasa mzima, na nimeacha mengi.

Dodoma. Kuamka. Kochi. Chai. Taarifa ya habari ya saa saba. Kochi. Chai. Kulala.

Mistari miwili. Nimelia.

Alhamisi, 14 Novemba

Eliya hana kosa. Niliandike hili kwanza.

Mama yake alifia barabarani, Januari, tukimshusha hospitali kutoka milimani. Baada ya kuzika Eliya hakuniuliza kitu. Alifunga nguo zangu kwenye begi. Akasema, Baba umefanya kazi ya kutosha, sasa upumzike. Watu walimsifu msibani. Na mimi nilijivuna kuwa na mtoto wa hivyo. Nimegusa jembe, ameninyang'anya kwa adabu. Nimefagia uwanja, Mama Neema amekimbia kupokea ufagio, kana kwamba kuniacha ni kunitukana. Hakuna aliyenitenda vibaya hata siku moja.

Leo amerudi na habari. Amepata mtu wa kukodi nyumba na shamba la Kibakwe kwa misimu mitatu. Mtu mwaminifu, anataka ajibiwe ifikapo Jumapili ya tarehe ishirini na nne awahi mvua. Akaniuliza kama nimeridhia.

Nikaitikia kwa kichwa. Misimu mitatu! Nina miaka sabini na mbili. Niliitikia kwa sababu moyo ulikuwa umeanza na nilitaka atoke chumbani upesi asione.

Mwoga.

Jumamosi, 16 Novemba

Lazima niandike lote.

Eliya na Neema walikwenda sokoni. Saa tano hofu ilinikamata nikiwa nimesimama, mbaya kuliko zote. Nikaanguka magoti kando ya kochi. Nilisikia kikombe kikivunjika. Mama Neema akaja mlangoni, akasimama pale kwenye kizingiti, mikono mdomoni. Nilimwona akiwaza mila. Na mimi, nikiwa nakufa, niliiwaza mila.

Kisha akaingia. Akapiga magoti, akasema, "Baba, unisamehe, nakushika." Akanishika kifundo cha mkono. Vuta, moja, mbili, tatu, nne. Toa. Aliijua hesabu yote. Baadaye aliungama kuwa huwa anafuta vumbi kwenye Biblia, na karatasi ilimdondokea.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Ilipita. Tukabaki sakafuni wote wawili, tunaona aibu, kama watoto waliovunja chungu.

Ndipo tukazungumza. Miezi tisa chini ya paa moja, mara ya kwanza. Anasema anashinda jikoni kutwa ili asinibughudhi, mgongo unamuuma kwa kigoda. Anasema alidhani simpendi. Akaniuliza habari ya chai. Nikamwambia ukweli: vikombe viwili vinanitosha, hivi vingine nakunywa kwa kumheshimu.

"Na mimi najaza kwa kukuheshimu, Baba. Kumbe tungeuana."

Nilicheka mpaka kifua kikauma, safari hii kwa haki. Nikamweleza na habari ya shamba, kwamba niliitikia bila kuridhia. Akasema nimwambie Eliya mwenyewe, nisiposema yeye hatamwambia, lakini hatakuwa na raha.

Jumatano, 20 Novemba

Vikombe viwili. Natembea asubuhi hadi kwenye mashamba ya zabibu na kurudi. Mama Neema anachambua maharage sebuleni, mkeka mwisho wa chumba, mimi mwisho mwingine. Hatusemi mengi. Inatosha.

Nimerudi kliniki. Daktari alisoma kurasa zangu mbili za siku. Akaniuliza nani mwingine amezisoma. Hakuna. Akasema hilo ndilo bado halijatibiwa.

Zimebaki siku nne. Kila Eliya akiingia nakohoa, naanza, kisha namuuliza habari za kazini. Nilisimama mbele ya wanafunzi hamsini kila siku bila woga. Mtoto wangu mmoja ananishinda.

Jumapili, 24 Novemba

Nimesema.

Baada ya ibada, kabla ya chakula. Sikuweza kuanza kwa mdomo, nikampa zile kurasa mbili asome. Akasoma ya Kibakwe. Akageuza. Akasoma ile ya hapa, ya mistari miwili. Akaigeuza tena, kama anayetafuta inapoendelea.

Nikamwambia yote: moyo, bafu, hofu. Kwamba naomba nikalime msimu huu. Kwamba simkimbii.

Akatoka nje akaanza kuosha gari lililooshwa jana. Mama Neema akaleta chakula, kikapoa. Nilivuta kwa nne, nikatoa kwa sita. Nilijiona mzee mchoyo asiye na shukrani.

Aliporudi alikaa chini, sakafuni, kama alipokuwa mdogo. Kwanza akasema watu watasema amemtelekeza baba yake. Nikamwambia watu nitawajibu mimi, wengi niliwafundisha. Hakucheka. Kisha likatoka lile lenyewe.

"Mama alikufa njiani, Baba. Wewe ulikuwepo. Mimi nilifika ameshafunikwa. Nikikuacha kule, kila simu ikilia nitajua ni wewe."

Kumbe tezi zake nazo zinamwaga. Miezi tisa nimekaa na mgonjwa mwenzangu, kila mmoja anamficha mwenzake.

Tumekubaliana. Nikalime, nikae hadi mavuno. Kila mwezi nirudi kliniki. Simu kila jioni, naye aulize bila kuona haya kama nimeogopa, nami nijibu kweli. Na mwezi ujao yeye mwenyewe aende kumwona yule binti wa kliniki. Hilo lilimchukua muda mrefu. Kisha akampigia yule mpangaji, akamwomba radhi.

Jumamosi, 30 Novemba

Eliya amenileta mwenyewe. Baada ya Mpwapwa barabara inaanza kupanda, na mwili wangu ukajua kabla yangu. Nikamwambia asimamishe gari. Hakuuliza ni wapi. Alisimama palepale alipomkuta mama yake amefunikwa.

Tulishuka. Kona tu, jiwe, vichaka vikavu. Nilimwonyesha upande gani mama yake alikuwa amelaza kichwa. Nilimwambia maneno yake ya mwisho, ambayo nilikuwa sijamwambia: alilalamika kwamba dereva anaendesha polepole. Eliya akacheka na kulia kwa pamoja. Hana subira, alisema. Hana, nikasema.

Nyumba ina buibui na harufu ya panya. Raheli alikuwa ameshafagia chumba kimoja.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua ya kwanza juzi usiku. Udongo umekubali.

Leo tumepanda maharage, mimi na Raheli. Mgongo wa mzee, mistari iliyopinda. Kwenye mstari wa tatu moyo ulianza. Nikasimama, nikaegemea jembe. Raheli akauliza kuna nini. Zamani ningesema jua.

Nikamwambia ninaogopa kidogo, tungoje ipite.

Hakuuliza naogopa nini. Akakaa chini kwenye udongo mbichi, akanyoosha miguu, akangoja nami. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mtu mmoja akapita njiani, akatusalimu, tukaitikia.

Ikapita. Tukamalizia mstari.