Nusu Glasi

6 Machi

Dada, shikamoo.

Hujambo wewe na cherehani yako? Mimi sijambo, ila miguu imeumuka kama unga wa kazini. Kutwa nasimama nikipamba keki za watu, na bosi hataki keki itoke kabla sijaonja krimu. Shemeji yako anasema mtoto huyu atazaliwa na kijiko mkononi.

Wiki jana kliniki walinipima sukari. Unakwenda na njaa, unatolewa damu, unapewa glasi ya maji ya glukosi, unangoja saa mbili, unatolewa tena. Nikajua nikifeli nitakatazwa vitamu vyote, na kazi yangu mimi ni ulimi. Basi nesi alipogeuka, nusu ya glasi nikaimwaga kwenye sinki. Nimefaulu! Kanisifu mbele ya wenzangu wote.

Tumbo kubwa hadi wateja wananipisha. Mama anasema ndio ukoo wetu, huzaa mabonge. Nishonee nguo za mtoto.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Nilifurahi kusikia u mzima. Nikafika pale ulipoandika habari ya sinki, mkasi ukanitoka mkononi.

Ule si mtihani wa shule. Nesi hapimi ulafi wako. Mimba yenyewe inaweza kuufanya mwili ushindwe kuituliza sukari, hata kwa mtu asiyelamba krimu. Ikizidi kwako inavuka kwa mtoto, naye ananenepa kupita kiasi. Ndicho kisukari cha mimba, na mara nyingi hakiumi popote.

Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, wewe ulikuwa bado shule. Mama huwaambia watu alikuwa bonge, akafa kwa kijicho cha watu. Mabega yalikwama, mdogo wangu. Hakuna aliyekuwa amenipima. Mimba ya pili walinipima mapema, wakakiona. Nikapunguza wali, nikaagana na soda, nikawa natembea kila baada ya kula, na mwishoni nikachomwa insulini. Ndiye huyu anayenivurugia nyuzi sasa hivi.

Rudi ukamwambie nesi ulimwaga, na kwamba dada yako wa tumbo moja alikuwa nacho. Atakusema. Mwache akuseme.

Nguo nimeshaanza.

Dada yako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko? Simu hupokei, mumeo kila siku ananiambia umelala. Umeninunia? Nuna, lakini nunia kwenye foleni ya kliniki.

Dada yako

21 Aprili

Dada, shikamoo.

Sijanuna. Naona aibu. Alinisifu yule nesi, sasa nirudi nikamwambie nini? Halafu huu ni msimu wa harusi, nikitoka kazini kliniki imefungwa. Usihofu, mtoto anacheza vizuri. Nitakwenda Jumatatu.

Mdogo wako

28 Juni

Dada, shikamoo.

Samahani, sijakuandikia tangu mazishi. Asante kwa kuja, na kwa kutoniuliza kitu.

Jumatatu ile sikwenda, wala iliyofuata. Siku mtoto alipoacha kucheza nilidhani amechoka kama mimi. Nikamalizia keki iliyokuwa mezani. Kufika hospitali, moyo wake haukusikika tena.

Vile vinguo havikumtosha. Nilikuona ukifumua mshono wa ubavuni, taratibu, usiharibu kitambaa, ukamvisha. Mama alikuwa mlangoni akiwaambia wageni jinsi alivyokuwa bonge. Jana kaanza tena kwa jirani. Nikamwambia, "Mama, basi."

Ulisema nipimwe tena wiki sita zikipita, maana kwa wengine sukari haiondoki na mimba. Leo nimekuja. Nesi ni yule yule. Nikamweleza habari ya sinki. Hakunisema, dada. Nilimngoja aniseme, akaniuliza tu kama nimekuja na njaa. Kisha akanipa glasi, akageuka kuandika.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi. Pembeni yangu yuko mama mjamzito ameishika glasi yake, anaiangalia, anaangalia sinki. Nimemwambia ni tamu mno lakini inashuka.

Yangu nimeinywa yote.

Mdogo wako