Mkopo Usio na Riba

Mbuchi, 6 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Sisi tupo, ila mke wangu Ashura tumbo limezidi. Uvimbe lazima utolewe Dar, na mpunga wote umekwenda na mafuriko.

Mama, niiweke rehani nyumba ya Kibiti unayokaa? Hati ina jina langu, lakini bila neno lako sithubutu. Benki unalipa pole pole miaka mitatu, ila wana riba. Wale wa mikopo ya kausha damu wanatoa leo, kesho wanabeba godoro. Mzee Mshamu wa dukani hataki riba hata shilingi. Anataka tuandikishiane kama nimemuuzia, nikilipa anirudishie.

Mwanao, Ridhiwani

Kibiti, 10 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kibovu, mdomo mzima, kwa hiyo nisikilize! Ashura ni mwanangu, akatibiwe. Nyumba weka, lakini benki. Riba naiogopa kama wewe, ila kule deni litaandikwa deni. Hisani gani hiyo ya Mshamu inayoanza na uongo? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama yako

Mbuchi, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Ashura kapasuliwa, alhamdulillahi, anakunywa uji. Usinikasirikie. Benki walitaka nisubiri wiki sita, na riba nafsi ilikataa. Nimekwenda kwa Mshamu. Kaniapia msikitini kwamba hutahama.

Mwanao, Ridhiwani

Kibiti, 19 Novemba 2025

Ridhiwani,

Hamjambo? Ashura anaendeleaje? Mwaka na zaidi sikukuandikia, hasira zilinikaba.

Jana alikuja dalali wa mnada na watu wa benki. Mshamu alihamisha hati kwa jina lake, akaiweka rehani benki akope fedha za duka, akashindwa kulipa. Hajulikani aliko. Ile nusu ya deni uliyoniandikia kwamba umemlipa baada ya mavuno hawaitambui. Wanasema wewe uliuza, na sahihi yako wanayo. Loo, mwanangu! Riba uliyoikimbia imenifuata mimi kitandani.

Nimelia, nimemaliza. Majirani wamenisaidia kufunga vyombo, na Jumapili naja kwenu Mbuchi nikae huko. Ashura asinionee haya, kuugua si kosa. Mwambie nikimkuta mzima nitafurahi kweli kweli.

Wewe nitakusamehe, ila usinipokee mizigo. Mwache mkeo anipokee.

Mama yako