Hija ya Mama na Mfuko wa Kinyume

Bertrams,
Johannesburg.
22 Juni 2019

Mpendwa Kaka Ameir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mwanahamisi na watoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia baada ya mvua. Siku ya Idd hatukupata kuongea sawasawa, simu ilikatika mara mbili, basi pokea mkono wangu wa Idd ingawa umechelewa.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi imeingia kwa hasira, na mimi cherehani naikanyaga nimevaa soksi mbili mbili kama mtoto mchanga. Samira wangu amefanya vizuri mitihani ya nusu mwaka. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu, na nikimgombeza anacheka. Ndiyo watoto wa huku.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi. Nakujua, Kaka. Ujumbe wa sauti wewe unaufungulia barazani kwa sauti ya mnadani, na Mama yuko papo hapo kwenye mkeka wake. Haya hayafai kumfikia hivyo. Nimempa barua Bakiri, yule mtu wa Pangani anayeuza vitenge jirani yangu. Anaruka kuja huko Jumatatu, na nimemwapisha akutie mkononi wewe mwenyewe. Isome ndani, peke yako.

Nisikuzungushe. Fedha ya hija ya Mama imepotea, zaidi ya nusu. Mama haendi Makka mwaka huu.

Kaa chini kwanza. Najua utapiga ukuta na kuuliza nani kafanya nini, basi nakueleza tangu mwanzo, maana na wewe ulikuwemo.

Unakumbuka tulipoanza kuchanga mwaka 2015, wewe, mimi na mdogo wetu Othmani. Mama aliweka sharti moja tu, kwamba isiingie riba hata senti. Alisema bora afe hajaiona Kaaba kuliko kuizunguka kwa fedha chafu. Tukaiweka benki kwenye akaunti isiyo na faida, imelala tu. Na kila mwaka tukikaribia, bei ya safari inapanda na randi inaanguka. Tulikuwa kama watu wanaokimbiza basi, ukishika mlango linaondoka.

Kisha mwaka jana daktari wa Mama akakwambia maneno yale, kwamba moyo wake umechoka, akienda 2019 aende, baada ya hapo yeye asiulizwe. Ndipo Othmani akaja na habari yake.

Othmani, unajua, analinda jengo moja kule Sandton lenye ofisi za watu wa fedha. Mtu akisimama masaa yote hayo mlangoni anasikia mengi, na mdogo wetu ana kichwa chepesi, anapenda kujua. Kijana mmoja wa mle ndani akamweleza habari za mfuko wa uwekezaji ulioko Marekani, wanauita mfuko wa kinyume. Hati fungani za serikali ya Marekani zikishuka bei, wenyewe unapanda, tena mara tatu. Othmani alirudi nyumbani Jumapili macho yanawaka. Akaniambia, "Dada, hati fungani ni nini? Ni kuikopesha serikali kwa riba. Mfuko huu unakwenda kinyume chake. Basi uko kinyume na riba. Hii ndiyo fedha safi kuliko zote!"

Nami nikaona, wallahi, ni kweli. Tukakupigia simu, ukasema Alhamdulillah, kijana ametufungulia mlango. Usijitoe, Kaka, ulisema. Hatukumuuliza shehe hata mmoja, maana jambo lilikuwa linang'aa lenyewe.

Na alituonyesha bei. Hakutudanganya, alizionyesha. Alikuwa nazo kwenye simu, bei za nyuma za kila siku, tarehe huku na bei ya kipande kimoja cha mfuko kule, miaka miwili na ushei. Ilianzia katikati ya 2016 chini, ikawa inapanda, inapumzika, inapanda tena. Novemba ilikuwa juu kabisa. Ndiyo Novemba hiyo tulinunua, kwa fedha yote, pamoja na akiba yake yeye mwenyewe ya kuolea.

Kaka, haikupanda tena. Desemba ikashuka, tukasema ni sikukuu tu za Wazungu. Machi ikaanguka, tukasema itasimama. Dunia imeingiwa na hofu, na watu wakiogopa wanakimbilia kununua hizo hati fungani za Marekani. Zikipanda zile, sisi tunashuka mara tatu. Mara tatu tuliyoipigia makofi ndiyo iliyotumaliza.

Mwezi wa Ramadhani Othmani alikuwa anafuturu huku anaangalia simu. Tende moja, bei. Uji, bei. Nikamwambia niletee hiyo simu. Nikamuuliza, kabla ya hiyo 2016 unayotuonyesha kila siku, ulikuwa wapi mfuko huu? Ulianzia bei gani? Kumbe hakuwahi kurudi nyuma kiasi hicho. Pale kwenye simu kuna mahali pa kuchagua miaka, naye alikuwa amechagua miwili, kwa kuwa miwili ndiyo aliyoonyeshwa na yule kijana.

Akabonyeza mwanzo kabisa, mwaka 2009. Loo! Mimi si msomi, Kaka, lakini mteremko naujua. Kipande kilianza kwa mamia ya dola, na tangu hapo ni kushuka tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka makumi. Ile miaka miwili yetu ilikuwa kigongo kidogo mwishoni, ukitazama haraka hukioni. Othmani aliitazama mpaka simu ikazima mwanga, akaiwasha, akaitazama tena. Eish, kama wasemavyo hapa!

Nilikwenda msikitini kumuuliza maalimu, nikitaka angalau niambiwe kwamba niya yetu ilikuwa njema. Alinisikiliza vizuri, mzee wa watu. Akasema, "Binti yangu, kinyume cha riba si halali. Hao ni watu wawili wanabishana juu ya riba, nanyi mmeshika upande mmoja." Akanieleza kwamba fedha yenyewe ya mfuko, ikiwa imekaa, inawekwa panapozaa riba. Basi tuliikimbia kwa mlango wa mbele tukaikuta uani. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikalia njiani bila aibu, watu wananipisha.

Othmani hakutaka tuuze. Kila siku alisema tungoje, kesho itageuka, kabla ya mwisho wa Juni itageuka, maana mwisho wa Juni ndipo wale wa msafara wa hija wanataka fedha yao. Tuligombana vibaya. Nilimwita mcheza kamari, naye akaniita mwoga, mbele ya Samira. Alhamisi ya wiki iliyopita nilimsimamia kichwani mpaka akauza. Kilichobaki hakifiki nusu.

Usidhani nimekaa mikono kifuani. Nilimwita mnunuzi aangalie cherehani zangu zote mbili, bei aliyotaja hata nauli ya ndege haitoshi. Kukopa ndiyo usiniambie, Mama hija ya deni haitaki, na akijua baadaye ataona imeharibika. Wewe nawe najua hali yako. Nimepiga hesabu nikiwa macho na nikiwa nimelala, haifiki, Kaka. Haifiki.

Naumia, nakwambia kweli. Naumia kwa Mama na namwonea huruma huyu mtoto. Kazini anakwenda, anarudi, anageukia ukutani. Chakula nampelekea, nachukua sahani kama nilivyoiweka. Hakula hata senti ya mtu, na hilo ndilo linalomuua.

Sasa nikupe la jana, ndilo lililonikalisha niandike.

Mama alipiga simu baada ya Ijumaa. Si unajua desturi yetu, mtu akienda hija anawazungukia watu kuomba radhi. Ameshaianza, Kaka! Aliniambia mtaa mzima wa Ngamiani ameumaliza, hata yule jirani waliyenuniana miaka, wamekumbatiana. Nilishindwa kumkatiza. Kisha akasema, "Nipe Othmani."

Nikaiweka simu kati yetu kitandani. Mama akamwambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Othmani mwanangu, ile hela ya mafuta ya taa, ulipokuwa mdogo, hukuiba. Nilikupiga, nikakulaza nje, nikakuita mwizi mbele ya watu. Kesho yake niliikuta kwenye pindo la khanga yangu, nikanyamaza kwa aibu. Nimenyamaza miaka yote hii. Nisamehe, nipate kwenda kwa Mola wangu sina deni lako."

Kaka, mimi sikulijua hilo. Nadhani hata wewe hukulijua.

Othmani alifungua mdomo, na mimi nikaomba moyoni amwambie, na nikaomba asimwambie. Akasema, "Nimekusamehe, Mama." Akainuka akatoka bila viatu. Nilimwona dirishani anavuka pale kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, nayo ni nyekundu, magari yanampigia honi, wala hageuzi shingo. Amerudi leo alfajiri, sijamuuliza alikolala. Na Mama kwenye simu akawa anacheka kwa furaha, ananiambia, "Huyo ndiye aliyebaki. Sasa niko tayari."

Nenda kamwambie, Kaka. Wewe ndiye mkubwa wetu na ndiye uliye karibu naye. Mshike mkono kwanza, na dawa zake ziwe karibu. Mwambie ni sote watatu, usimtaje Othmani peke yake, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya.

Nisalimie wifi Mwanahamisi, na Fahad, na Mussa aache utundu. Bakiri mkirimu, ametufaa. Mungu akupe ulimi laini na ampe Mama wetu subira isiyomvunja. Othmani nilimuuliza kama ana salamu, akatikisa kichwa.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Mwambie habari hii, kisha akiwa bado anataka kusikia jina langu, ndipo umpe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Zabibu