Dawa Iliyofika Kisimani

Kambi ya Mifereji,
Likoni.
12 Aprili 1947

Mpwa wangu Kanze,

Natanguliza salamu, zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Msalimie mumeo Lewa, na mavyaa wako Bi Dhahabu, na zaidi mjukuu wangu Nyamvula. Mimi ni mzima, mwilini sina hata kipele. Hofu ni kwenu, maana nasikia huko Changamwe matumbo yanasumbua watu.

Sasa keti chini nikwambie kazi niliyopata. Kuna Bwana mhandisi amekuja kutafiti mifereji. Ataka kujua mvua ikinyesha maji huenda wapi, ya vyoo nayo huenda wapi, na ni wapi yanakokutana yakaamkiana. Alitafuta mtu wa kumsaidia pwani nzima akakosa, mpaka aliponiona mimi. Kazi yangu ni kusimama mferejini penye ubao wenye alama za inchi. Mvua ikishuka, nasoma maji yamepanda hadi wapi. Wiki iliyopita yalinifika kidevuni. Mara mamba akatoka kwenye bomba. Si kenge, mamba! Akafunua kinywa. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nisome inchi." Akangoja. Muulize Faki, mnyapara wetu, ingawa yeye atakwambia lilikuwa gogo.

Tena kuna siri, nakupa wewe tu. Bwana ana dawa. Ni unga mwekundu kama kutu, lakini ukigusa maji yanageuka kijani, yanawaka kama macho ya paka. Juzi tulikuja huko kwenu, kule juu kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na aliyeitia dawa ile kwa mkono wake ni huyu mjomba wako. Kwa hiyo ukiona maji ya kijani popote, usiogope. Ni dawa yangu hiyo. Waambie watu ni Nzai.

Nilitaka kupita nyumbani, ila lori la Bwana halimngoji mtu. Barua zenu mpeni Kenga dereva, atanifikishia.

Mjomba wako,
Nzai, Mpimaji Mkuu wa Mifereji

*

Changamwe, Bondeni.
19 Aprili 1947

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imetukuta hai, alhamdu kwa Mungu, isipokuwa Nyamvula hajambo ya kusema tu. Anaharisha tangu Jumapili. Macho yamemwingia ndani, na ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Watoto wa Milcah, jirani yetu, wana hali iyo hiyo.

Lakini mjomba, dawa yako imefika! Jana asubuhi Milcah alishusha ndoo kisimani, akapiga ukelele, akaitupa. Maji kijani kibichi! Watu wakaanza kusema kisima kimeingia pepo. Basi nikatoka na barua yako, nikawasomea pale ukingoni. Mavyaa akapiga vigelegele. "Miaka yote serikali yatunyima," akasema, "leo yatutilia dawa mpaka mlangoni, na kwa mkono wa ndugu yetu!"

Tangu hapo kisima hakina nafasi. Watu wanatoka mpaka ng'ambo ya barabara na madebe yao, na kila mmoja anauliza Nzai ni nani. Nyamvula tunamnywesha bakuli asubuhi na bakuli jioni. Mimi nilikuwa na desturi ya kumchemshia maji kama tulivyofundishwa misheni, lakini mavyaa amekataa katakata. Asema dawa ikipikwa hufa.

Nambie upesi, mtoto wa umri wake apewe kiasi gani?

Mpwa wako,
Kanze

*

Likoni.
22 Aprili 1947

Kanze,

Salamu baadaye. USIMPE MTOTO MAJI YALE.

Hiyo si dawa ya kuponya. Niliandika dawa kama tusemavyo kambini: dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya kupaka mabati. Ni rangi, haina zaidi. Bwana alinipa niitie kwenye vyoo vya landhi, tupate kuona maji ya vyoo yanatokea wapi. Yametokea kisimani kwenu. Umenielewa? Kijani mnachokunywa kimetoka chooni, na kilichosafiri nacho ndicho kinachomlaza mtoto. Kilikuwa kikisafiri hata kabla ya rangi, ila hamkukiona.

Tekeni maji kwenye bomba la juu, kule landhini, hata kama ni foleni kutwa. Waambie na akina Milcah.

Ningekuja mwenyewe. Kambini mtu mmoja ameshikwa na ndui, tumefungiwa karantini, askari yuko langoni, na hata barua hii itafukizwa moshi kabla Kenga hajapewa. Nimemsihi karani aje awafungie kisima. Ananijibu Bwana yuko Nairobi, na bila Bwana hakuna amri.

Mwageni maji yote. Hata ya mtungini.

Mjomba wako,
Nzai

*

Changamwe, Bondeni.
26 Aprili 1947

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika inanuka moshi. Nilimpa Lewa aisome mbele ya watu, nikidhani sauti ya mwanamume itasikizwa.

Alipomaliza, mavyaa akacheka. "Nzai huyu? Nzai aliyemngojesha mamba, leo aikane sifa yake? Wamemshika! Mzungu ameona dawa ya wakubwa inanywewa na sisi, roho imemuuma, kamlazimisha aandike." Watu wote wakaitikia kwamba ndivyo. Lewa akawaambia umefungiwa kwa ajili ya ndui. "Ndui!" akasema mzee mmoja. "Askari langoni kwa ajili ya kipele?" Sasa habari imeshaenea Bondeni kote kwamba umetiwa ndani kwa kutupa dawa bure. Jana wamekuombea kanisani.

Mimi nakuamini. Tangu nijue kusoma sijapata barua yako isiyo na majigambo, na hii ndiyo ya kwanza. Lakini bomba la juu lina mlinzi, amenirudisha na debe tupu, asema si la watu wa bondeni. Na nyumbani mimi ni mke wa mtu tu. Anayeshika bakuli ni mavyaa. Nikimwaga, anateka jingine. Nikimchemshia mtoto kwa siri, anaonja na kujua, anamwaga.

Nyamvula halii tena. Anafunua kinywa, sauti haitoki.

Niandikie neno litakalomshinda mavyaa, mjomba. Mimi nimeshindwa.

Kanze

*

Likoni.
28 Aprili 1947

Kanze mwanangu,

Karatasi hii ni yako peke yako; ukiisoma ichome. Jana nilijaribu kuruka seng'enge nije. Wamenirudisha, goti limechanika. Nimekaa nimefikiri. Ukweli wangu umekataliwa kwa kuwa ulikwenda uchi. Basi nimeuvisha nguo zangu za kila siku. Karatasi ya pili isome ukingoni mwa kisima, kwa sauti, na usicheke wala usilie.

*

KWA WATU WOTE WA BONDENI

Mimi Nzai, mwenye dawa, nawasalimu kutoka kifungoni. Ni kweli wamenishika. Askari kumi na wawili, kila mmoja na bunduki yake, na bado usiku hawalali kwa kuniogopa. Barua ile ya kuwakataza maji niliiandika huku nimewekewa kisu shingoni. Hii ndiyo yangu.

Nilisahau jambo moja, nalo ni kubwa. Dawa isiyo na miko si dawa, nyinyi mwajua. Na miko hutolewa na mwenye dawa, haitolewi na mnywaji. Dawa hii ni dume. Ikinywewa mbichi inapigana na tumbo, ndiyo maana watoto wenu hawajapona. Lazima ipite motoni. Itokote, na iendelee kutokota mpaka mpishi aimbe wimbo mzima wa kanisani, beti zote, asiruke hata moja. Ifunikwe ipoe yenyewe. Asiingize mtu mkono wala kata chafu. Mgonjwa apikiwe uji mwembamba wa dawa hiyo, wenye chumvi kidogo, anyweshwe kijiko kijiko mchana kutwa. Atakayekunywa mbichi, hata tone, ameivunjia Bondeni nzima miko.

Mlinzi wa moto awe mtu mzima mwenye heshima zake. Namteua Bi Dhahabu, mama yake Lewa. Asipotaka yeye, hakuna mwingine afaaye.

Nzai, Mwenye Dawa

*

Changamwe, Bondeni.
20 Mei 1947

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Usinilaumu kwa kimya. Sikuwa na mkono wa kushika kalamu. Yote miwili ilikuwa kwenye kuni na masufuria.

Nyamvula yu hai. Wiki ya kwanza sikuthubutu kukuandikia, maana kila asubuhi nilitega sikio kwanza kabla ya kumgusa. Jana ameketi mwenyewe, akaumwaga uji wote mkekani, nikamgombeza huku natokwa na machozi.

Mavyaa aliposikia jina lake aliinuka kama malkia. Akaweka mafiga matatu makubwa kando ya kisima, na hakuondoka pale. Alikuwa na mwiko wa kusongea ugali mkononi. Anayevunja mwiko, apigwa kwa mwiko. Aliwaimbisha beti zote, hata walevi. Watoto wakaanza kupata nafuu nyumba hadi nyumba, na jina lako likapanda.

Lakini mjomba, kijani kilififia. Wiki iliyopita ndoo ilitoka na maji meupe. Mavyaa akatazama, akazima moto. "Dawa imekwisha," akasema, "na miko yake imekwisha nayo. Kuni nazo ni taabu." Watu wamerudi kunywa mbichi. Nikiwakataza wananiuliza, "Maji meupe haya yana kosa gani?"

Juzi tumemzika kitinda mimba wa Milcah. Alikuwa amekwisha kupona.

Bwana mhandisi amerudi kutoka Nairobi, na jana ametuma watu na mawe wakifukie kisima, na wapimaji wavute bomba la maji safi. Wanaume wamekizunguka na marungu. Wasema kisima cha dawa hakifukiwi mpaka Nzai afunguliwe, aje aseme kwa kinywa chake. Wamekuwekea kiti pale ukingoni. Bi Dhahabu amefunga kuku wawili kwa ajili yako.

Karatasi yako ya siri niliichoma. Na hata ningekuwa nayo, wangesema ni kisu kingine shingoni. Lewa amejaribu, wakamwita mtoto wa Mzungu. Mimi nachemsha peke yangu ndani, mlango nimefunga.

Kuna wewe tu.

Kanze

*

Likoni.
23 Mei 1947

Kanze mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za Nyamvula. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi.

Leo wametufungulia karantini. Barua hii inatangulia na Kenga, mimi nafuata kesho kwa pantoni ya kwanza. Tangu asubuhi najaribu kutunga la kuwaambia. Nimejaribu kuuvisha tena ukweli, nguo haikai. Kila ninalotunga, naona litafifia kama lile.

Kwa hiyo nitasema hivi: maji mliyokunywa ni ya choo cha landhi. Mimi niliyatia rangi, mimi nikayaita dawa, na miko nikaitunga mimi. Askari hakuwapo wa kunishika.

Najua hawataniamini, maana sijawazoesha. Nimemwomba Bwana kopo moja la unga, amenipa. Wanaume wenye marungu nitawachukua wote mpaka landhi, niutie unga huo chooni wakiona kwa macho yao. Kisha tutarudi kisimani tungoje. Itachukua siku, nami nitakaa papo hapo. Kijani kikitokea, waniache au wanifanye watakavyo, lakini kwanza wabebe mawe wakifukie kisima.

Kiti mkiondoe. Kuku wafungueni. Bi Dhahabu mwambie awashe moto leo leo, asiningoje.

Kuhusu Milcah, usimtayarishe kwa lolote. Nitamwambia mwenyewe.

Mjomba wako,
Nzai