Bomba la Nyumba Yako

Mbotou, karibu na Rufisque

Kwako kaka Mapathé,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hispania, na baridi imekuhurumia. Sisi tunamshukuru Mungu. Shangazi Seynabou anakusalimu, na wanawe wanavunja vyombo kama kawaida. Aliyenifanya niandike ni mama.

Miguu yake imetoka vidonda hadi magotini. Kazi yake unaijua: kuingia majini kuokota yeet, wale konokono wakubwa wa kukausha ambao bila wao wali wa samaki hauna ladha. Siku hizi anarudi na wachache, nao wananuka. Majani ya chini ya maji yamekufa, na utelezi wa kijani umetanda kote. Daktari wa zahanati alisema ni maji machafu ya majumbani, mama aache kuingia. Mama akamuuliza akiacha atakula nini, ushauri? Bado anaingia.

Wakubwa wakaamua kwamba jini mwenye ghuba amekasirika, atulizwe kama ilivyo desturi yetu Walebu. Bibi Oulèye, mwenye matambiko yetu, akabeba kibuyu cha maziwa ya mgando na mtama, sisi wanawake nyuma yake tukiimba. Hajamaliza kumimina, bomba lililo pale mchangani likakohoa, likatapika povu na vinyesi juu ya maziwa. Nyimbo zikakatika. Kila mtu alijua bomba ni la nani, lakini wewe ndiye unayewanunulia nusu ya mtaa kondoo wa Tabaski, Idi ya kuchinja, basi wote wakawa wanatazama mawingu. Bibi akasema tuongeze maziwa.

Nikamshika mkono. "Bibi, asubuhi tunampa maziwa, jioni tunamnyea. Ungekaribishwa hivyo wewe, ungerudi?"

Shangazi alinivuta nguo, akaninong'oneza kwamba naiaibisha familia. Nikajibu kwa sauti kwamba bomba ni letu, linatoka kwenye vyoo vya vigae vya kaka yangu. Mama alikuwa amesimama majini, anajikuna.

Kaka, nakuheshimu. Nyumba ile ni jasho lako, na siku tulipohamia nililia kwa furaha. Lakini sikufichi, wala siombi radhi: ile saruji ya kujengea ghorofa ya pili, mifuko miwili nimeishindilia kwenye mdomo wa bomba lako. Vyoo vyote vimefurika. Chumba chako cha wageni hakiingiliki, na shangazi anazunguka uani akinilaani. Saruji iliyobaki tutajengea shimo la kufunikwa, likijaa lije lori kulinyonya. Fundi anaanza Jumatatu.

Kama umekasirika, njoo. Nyundo ipo. Ila ukienda kulizibua utamkuta mama kasimama majini mbele ya mdomo wake, na itabidi umwombe asogee.

Wasalimie wenzako wote wa huko.

Ni mimi mdogo wako, wa nyumba isiyo na choo kwa sasa,

Ndella