Nyumba ya Udongo ya Mama

Mdogo wangu Zaituni,

Marahaba. Kuna jambo nimekuficha kuhusu nyumba ya mama, na kwa moyo huu mgonjwa sitafika tena Kigoma.

Jana mjukuu wangu alinipeleka kuona nyumba kuukuu ya matofali hapa Buffalo, Marekani. Sheria inailinda, mwenyewe habadilishi hata dirisha bila kibali, ili watoto waone wazee wao waliishije. "Babu, usiuegemee ukuta, utashtakiwa," alinitania. Sikucheka.

Umemnunia kaka yako Hamisi miaka yote, ukiamini hakuziba paa na mvua ikaiangusha nyumba. Mpigie simu, mdogo wangu. Mungu akutunze.

Paa lilikuwa zima. Nyumba niliibomoa mimi, kwa aibu, wakwe zangu wa mjini wasiikute.

Kaka yako, Saidi