Fimbo fupi niliyomsifia baba

Jumamosi, Butembo. Manyunyu tangu saa sita mchana, yale yasiyo na haraka, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Nimefunga duka saa tisa. Jumamosi, siku ya soko, saa tisa! Anayenijua angedhani nimefiwa.

Hata sasa siwezi kutulia. Asubuhi nilipanga kufuli zote upya kwenye rafu, ndogo kwenda kubwa, kisha nikazigeuza, kubwa kwenda ndogo. Nimechemsha chai mara mbili na mara mbili nimeisahau. Basi naandika, labda mikono itapata kazi.

Keshokutwa baba anaondoka. Atapanda gari mpaka Beni, halafu ndege mpaka Kinshasa, na kutoka huko mdogo wangu Muhindo atampeleka Muanda, mwisho kabisa wa nchi, kwenye bahari. Muhindo anachomelea vyuma huko. Ana mke, ana nyumba yenye chumba cha ziada, na amekuwa akimwita baba tangu mwaka jana. Baba alikuwa akimjibu kwa kukohoa.

Baba alivua ziwa Edouard maisha yake yote, kwa mtumbwi na nyavu, mpaka hali ya kule ikambana nikamleta hapa kwangu, mtaa wa Kimemi. Mama alikuwa ameshatangulia. Mume wangu pia. Binti yangu ameolewa Beni. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mzee. Kila asubuhi anakaa mlangoni pa duka langu la vyuma, juu ya kibidoni cha manjano, kidumu kitupu cha mafuta, anasalimia wateja utafikiri duka ni lake. Jioni anateremka mpaka darajani kuangalia mto. Mto wetu una chupa nyingi kuliko samaki, lakini anautazama hivyo hivyo, mikono nyuma, mpaka giza linaanza kuingia.

Alipokubali mwishowe kwenda, alitoa sharti moja. Alilisema kwenye simu kwa sauti ya juu, maana anaamini Muanda ni mbali na lazima upaze sauti.

"Muhindo, miye hapana mutu ya kukaa kwa kiti na kuangalia televizyo. Kama kule iko maji, munipatie kintu ya kuvulia."

Muhindo akaeleza kwamba mtumbwi haufai pale kwa mzee, mawimbi yanajipindua karibu sana na mchanga. Ila kuna watu wanaosimama ufukoni na fimbo ndefu za kuvulia, wanatupa uzi mbali, wanavuta samaki wa kimo cha mtoto, barakuda na kapiteni wa bahari. Halafu akanigeukia mimi, dada yake mkubwa. "Yaya, ununue kule kwenu. Butembo bintu byote biko."

Ndivyo kazi ya kuchagua ilivyoniangukia mimi, ambaye bahari nimeiona kwenye kalenda tu.

Mzee Kakule, muuzaji wa jumla nyuma ya soko, alikuwa na sanduku la fimbo hizo limelala stoo. Lilikuja kwenye kontena pamoja na maturubai na sufuria. Watu wa ziwani walikuja kuzitazama wakacheka, wao ni watu wa nyavu. Akanipa mbili, kila moja na moulinet yake, yaani ile mashine ndogo ya kukunjia uzi. Nenda nazo nyumbani, akasema, mukaangalie, moja mutanirudishia. Tunafahamiana, hapa biashara inakwenda hivyo.

Moja ilikuwa fupi, imenizidi kimo kidogo tu, nene kama mpini wa jembe, na moulinet yake ya rangi ya dhahabu ilijaza mkono wote. Nyingine ilikuja kwa vipande vitatu. Ukiviunganisha unapata mita nne na zaidi, na kule kwenye ncha ni nyembamba mpaka unaogopa kuigusa. Moulinet yake nyeusi, nyepesi, haina sura yoyote.

Jumatano tulizijaribu uani, kwa namna ya Butembo.

Hapa kila kitu tunakijua kwa uzito. Kufuli tunaipima kiganjani kabla ya kuuliza bei, sufuria tunaigonga, na kitu chepesi tunakirudisha mezani bila maelezo. Basi jirani yetu fundi wa viti na dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa akipita wakafunga mfuko wa maharage kwenye ncha ya kila fimbo, wakainua. Ile fupi ikauinua ikijikunja kidogo sana. Ile ndefu ikapinda, ikapinda, mpaka fundi akapiga kelele tuiachie.

"Hii mufupi njo fimbo yenyewe!" akasema. "Ile ingine ni ya kuchungia kuku."

Watu wakacheka. Baba akanitazama. Na mimi nikasema, kwa ile sauti yangu ya dukani: "Ni kweli, papa. Hii njo ya nguvu."

Shajara, sikiliza sasa.

Nilijua.

Jumanne, siku moja kabla, duka likiwa tupu, nilikuwa nimetazama kwenye simu video ya mtu mmoja wa kuongea Kifaransa, amesimama mchangani na suruali imelowa. Niliitazama mara tatu. Alisema fimbo fupi ni ya mtu aliye ndani ya mtumbwi, anayeteremsha uzi chini yake tu. Aliye ufukoni anahitaji urefu, kwa sababu samaki wakubwa wanapita nyuma ya mawimbi na uzi lazima ufike kule. Huko kupinda kulikomchekesha fundi ndiko kunakorusha mbali ile risasi nzito ya mwisho wa uzi, na ndiko kunakomchosha samaki baadaye. Akaonyesha pia kwamba moulinet nzuri ina freni: samaki akikimbia, inamwachia uzi kidogo kidogo badala ya kuukata.

Kisha akazungumzia chumvi, na hapo sikumhitaji. Mimi nauza misumari, kutu naijua. Nilichukua sumaku ninayookotea misumari ikimwagika nikaipitisha kwenye moulinet zote mbili. Ile ya dhahabu iliinasa kila mahali, skrubu, mkono, tumbo. Ile nyeusi iliinasa sehemu mbili tu, na kwenye maungio ilikuwa na mpira wa kuzuia maji. Mteja wangu angeniuliza, ningemwambia pale pale kwamba ile ya dhahabu haitamaliza miezi mitatu baharini.

Mteja ningemwambia. Baba yangu nilimsifia.

Nilikuwa nimeshaliona lote kichwani. Atatupa uzi uangukie kwenye povu. Moulinet itakwama. Atakaa kwenye kiti mbele ya televizyo ya Muhindo, wiki mbili, wiki tatu, halafu simu italia, ananiita jina langu: Masika, nirudi. Na asubuhi moja ningefungua duka na kumkuta mlangoni juu ya kibidoni chake. Nilitaka hivyo. Sijui niliandikeje lionekane zuri, kwa hiyo naliacha kama lilivyo.

Siku tatu nimeishi nalo.

Leo asubuhi nikamkuta uani na ile fupi magotini. Alikuwa akiisugua moulinet kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, kila pembe. Alipomaliza akaifunga kwenye kitenge cha mama, kile cha kijani alichokataa kukigawa baada ya msiba. Nikaingia ndani nikapanga kufuli.

Saa tisa nikateremsha mlango wa duka. Nikachukua boliti mbili nzito na zile fimbo zote mbili, nikamwambia: "Papa, twende kwa terrain ya masomo."

Alivaa koti na kofia ya kanisani, tukaenda.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, isipokuwa madereva wa pikipiki waliojikinga chini ya paa la ofisi ya shule. Nikafunga boliti kwenye uzi wa fimbo fupi. Baba akairusha, ikaanguka kabla ya katikati ya uwanja. Akairusha tena, pale pale. Nikaunganisha vipande vya ile ndefu, nikafunga boliti ya pili. Mara ya kwanza alichelewa kuachia uzi na boliti ikagonga mlingoti wa goli. Madereva wakashangilia, maana kwao goli ni goli. Mara ya pili akaweka mguu wa kushoto mbele, akageuza kiuno kama anatupa wavu, na fimbo ikapinda yote. Boliti ikapita uwanja mzima, ikaenda kulala kwenye nyasi chini ya mikaratusi.

Honi za pikipiki zililia. Baba hakucheka. Alikuwa akikunja uzi taratibu, kichwa kimeinama, anasikiliza mkono.

"Ile mufupi ni ya mutumbwi," akasema. "Niliona tangu siku ya kwanza."

Nikahisi masikio yanawaka katika baridi ile. "Sasa mbona ulinyamaza, papa?"

"We njo ulisema iko ya nguvu. Nikawaza, Masika anauza byuma, hawezi kukosa kuona. Donc anataka nirudie mbio." Akaendelea kukunja. "Ningeenda nayo tu."

Angeenda nayo tu. Angesimama mbele ya bahari ile na kitu asichoweza kukitumia, kwa sababu binti yake alitaka hivyo, na asingemwambia mtu. Niliona aibu. Nilimkasirikia pia, nakiri, kwa kuninyamazia siku tatu wakati mimi nakosa usingizi. Halafu nikalia, nikasema ni mvua, na yeye kwa adabu yake akakubali kwamba ni mvua.

Tukarudi kwa miguu. Yeye kashika ndefu, mimi nimebeba ile fupi. Tulipofika kwenye kona ya kanisa akasimama.

Kwetu ziwani kuna jambo moja ambalo baba hakuwahi kulivunja. Samaki wa kwanza wa wavu mpya hauzwi, na mvuvi hamli. Anapelekewa aliyeununua wavu, mzima, na kichwa chake. Nakumbuka mama akipelekewa.

"Samaki ya kwanza ya hii fimbo ni yako," akasema.

"Itaoza kwa njia, papa. Muanda hapana Beni."

Akawaza kidogo, mvua inatiririka kwenye ukingo wa kofia. "Basi sitaituma. Utakuja kuikula kule kule."

Nikajibu "tutaona", jibu ninalowapa wateja nisiowataka. Akanitazama kwa namna iliyonifanya nitazame barabara.

Sasa ni saa kumi na moja. Ile fupi iko mlangoni, Jumatatu kabla ya safari itarudi kwa mzee Kakule pamoja na dhahabu yake. Baba ameiunganisha tena ile ndefu ndani ya nyumba, eti anajifunza maungio, na haienei sebuleni. Inaanzia jikoni, inapita kwenye korido, na ncha yake imeingia chumbani kwangu mpaka kwenye meza hii ninayoandikia. Kila akigusa mkono wa moulinet, inatikisika karibu na kikombe changu cha chai. Kitenge cha mama amekihamishia kwenye ile nyeusi.

Kesho kanisani watamuombea safari. Jumatatu nitamsindikiza mpaka Beni, na fimbo nitaibeba mimi.

Bado sijatulia. Ninajiuliza jambo moja tu, na ninalizungukia tangu tuliporudi: duka la vyuma linaweza kufungwa wiki mbili?

Leo nimelifunga saa tisa, siku ya soko, na hakuna aliyekufa.